Kuwaelewa wahafidhina wa Marekani ukiwa mrengo wa kushoto: anza na kodi

Mkuu, umeuliza inakuwaje mfanyakazi wa kawaida wa Ohio au Alabama anakipigia kura chama cha Republican, kinachompunguzia tajiri kodi na kudhoofisha vyama vya wafanyakazi, na sisi wa mrengo wa kushoto tusome nini ili tuelewe badala ya kutukana. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu yale majibu mawili ya siku zote, "wamedanganywa" na "ni wabaguzi tu", yana ukweli ndani yake lakini yanakuacha njiani. La kwanza halisemi kwa nini uongo uliwaingia hawa na si wengine. La pili halisemi kwa nini ubaguzi huohuo ulikaa miaka mingi ndani ya chama cha Democratic, kilichoshika majimbo ya Kusini karibu karne nzima, kisha ukahama.

Ushauri wangu: fuata kodi. Sisemi kila kitu ni pesa. Nasema kwenye kodi ndipo mwenye kiwanda, mwenye nyumba, mchungaji na mzazi wa kizungu aliyekataa mwanawe akae darasa moja na watoto weusi walipokutana na kuanza kuongea lugha moja. Usipopaona hapo, kila kundi utalisoma peke yake na hutaelewa wanaishije nyumba moja.

Kwanza msingi, kwa ufupi. Mwandishi mhafidhina William F. Buckley alianzisha jarida la National Review mwaka 1955, na humo mhariri Frank Meyer akajenga hoja ya kuwaunganisha wapenda soko huria na watetezi wa dini na mila, huku adui wao wote akiwa ukomunisti. Mwaka 1964 seneta Barry Goldwater wa Republican aligombea urais kwa hoja hizo akapigwa vibaya: alishinda majimbo 6 tu, la kwao Arizona na matano ya Kusini ambako wazungu walikuwa na hasira na sheria ya haki za raia ya mwaka huo, aliyoipinga. Watu wa kushoto wakadhani mchezo umekwisha. Kumbe kulikuwa na kitu kimebaki mezani: majina. Waliomchangia Goldwater dola 50 na zaidi walikuwa kwenye kumbukumbu za ofisi ya katibu wa Baraza la Wawakilishi, Washington. Mwanaharakati mhafidhina Richard Viguerie akaenda, majina yakanakiliwa kwa mkono, kama 12,500 hivi. Orodha hiyo ikawa mtaji wa biashara yake ya kutuma barua za kuomba michango, moja kwa moja hadi kwenye sanduku la barua la mtu. Kosa letu kubwa ni kusoma hotuba za wahafidhina na kuacha orodha zao.

Sasa mwaka 1978, ambao nakushauri uusome mwezi kwa mwezi.

California, kodi ya majengo. Katikati ya miaka ya 1960 iligundulika kwamba baadhi ya wathamini wa serikali walikuwa wanahongwa na makampuni. Bunge la jimbo likasafisha: kuanzia sheria ya 1966, kila jengo lithaminiwe kwa asilimia 25 ya bei ya soko, bila upendeleo. Mageuzi mazuri kabisa kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba wathamini wa zamani walikuwa pia wakizipunguzia nyumba za kuishi kimyakimya, na punguzo hilo likafutwa. Kisha bei za nyumba zikapaa miaka ya 1970. Chukua mfano wa hesabu: nyumba ya dola 40,000, kodi yote ikiwa sawa na asilimia 2.5 ya bei ya soko, analipa 1,000 kwa mwaka. Bei ikifika 80,000 analipa 2,000, naye hajauza kitu, hajaongezwa mshahara, na kama ni mstaafu pensheni ni ileile. Wakati huohuo hazina ya jimbo ilikuwa na ziada ya mabilioni ya dola, na wanasiasa wa Democratic wakabishana jinsi ya kuirudisha mpaka muda ukawaishia.

Hapo akaingia Howard Jarvis, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasemea wenye majengo ya kupangisha Los Angeles. Pendekezo namba 13, lililopigiwa kura na wananchi wenyewe, likapita Juni 1978 kwa karibu asilimia 65. Lisome vipengele vyake, ni vifupi: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, thamani irudishwe ilivyokuwa 1975, isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka jengo liuzwe, na bunge la jimbo lisipandishe kodi bila theluthi mbili ya kura. Angalia kipengele cha kuuza. Familia huuza nyumba, kampuni inaweza kukalia kiwanja miongo na miongo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nafuu ilikwenda kwa majengo ya biashara na ya kupangisha, ingawa sura iliyotangazwa ni ya bibi kizee anayekaribia kunyang'anywa nyumba yake. Na bibi huyo alikuwepo kweli. Anayemwita mjinga hajapiga hesabu yake.

Agosti mwaka huohuo, IRS, yaani mamlaka ya mapato ya serikali kuu, ikapendekeza kwamba shule binafsi zilizoanzishwa au kupanuliwa wakati shule za umma zinachanganywa rangi zithibitishe kuwa hazibagui, ama zinyimwe msamaha wa kodi. Nyingi zilikuwa shule za makanisa. Barua za kupinga zilizidi laki moja, na mwaka uliofuata Bunge likaizuia IRS kutumia fedha kutekeleza jambo hilo. Mwaka 1979 huohuo mchungaji Jerry Falwell akaanzisha Moral Majority, jumuiya ya kisiasa ya Wakristo wahafidhina. Wengi wetu tunaamini uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1973 uliohalalisha utoaji mimba nchi nzima ndio uliowaamsha wachungaji mara moja. Lakini mwaka 1971 Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio la kuunga mkono sheria zinazoruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, ikiwemo kubakwa na hatari kwa afya ya mama. Utoaji mimba ulikuja kuwa bendera yao kubwa, na wengi wanauamini kwa moyo wote, usiwakejeli. Ila mlango uliowaingiza kwa wenye viwanda ulikuwa huu: serikali inayodai kodi ndiyo inayotuingilia shuleni.

Wenye viwanda nao walikuwa wamejipanga. Mwaka 1971 wakili Lewis Powell aliwaandikia Chemba ya Biashara ya Marekani waraka wa kuwataka wapigane vyuoni, mahakamani na kwenye vyombo vya habari. Heritage Foundation, taasisi ya kutunga sera za kihafidhina, ilianza 1973. Rais Ronald Reagan wa Republican alipoingia 1981, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 70 hadi 50, na sheria ya 1986 ikakifikisha 28.

Unapowasoma, epuka kusema "wanaichukia serikali". Vuguvugu la Tea Party la 2009, la kupinga kodi na matumizi ya serikali, lilijaa wazee wanaoitetea Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) na pensheni ya taifa, kwa sababu wanaona wamezilipia kwa jasho lao. Wanachopinga ni fedha kwenda kwa wanayemwona hakustahili, na ubaguzi wa rangi unakaa ndani ya neno hilo "kustahili". Kwa hiyo kwa kila sera jiulize: nani analipa, nani anapokea, na mpigakura anamwona mpokeaji kama nani?

Jiulize pia kila kundi linalipwaje. Matajiri walipata sheria ya 2017, kodi ya makampuni ikashuka kutoka asilimia 35 hadi 21. Makanisa yalipata majaji, na Juni 2022 uamuzi wa 1973 ukafutwa. Sehemu ya malipo ya makanisa imetufikia hata huku: kanuni ya Reagan ya 1984 ya kunyima fedha za Marekani asasi za nje zinazohusika na utoaji mimba hufutwa na Democratic na kurudishwa na Republican, na iliporudi 2001 kuna kliniki za uzazi wa mpango Kenya zilizofungwa.

Mwisho, itazame California ya Novemba 2020. Pendekezo namba 15 lilitaka majengo makubwa ya biashara yathaminiwe kwa bei ya soko, na nyumba za kuishi zisiguswe kabisa. Wapinzani wakawaambia wenye maduka madogo kwamba mwenye jengo atawahamishia kodi hiyo, na wenye nyumba kwamba zamu yao inafuata. Siku ambayo Joe Biden, mgombea urais wa Democratic, alipata zaidi ya asilimia 63 jimboni humo, pendekezo hilo likaanguka, 48 kwa 52.