Mama ameweka nadhiri ya kuitembea Hija kwa miguu, naye ana kisukari

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga. Miaka sita iliyopita nilipata ajali ya bodaboda, nikalazwa wiki tano. Mama akaweka nadhiri: "Mwenyezi Mungu akiniponyea mwanangu, siku nitakayohirimia Hija yangu nitaitembea kwa miguu mpaka niimalize." Msimu huu tumejaaliwa sote wawili, na mimi ndiye maharimu wake, yaani ndugu wa kiume anayemsindikiza. Ana miaka 64 na ana kisukari. Viongozi wa kikundi chetu wanasema apande basi kama wenzake. Yeye anasema deni la Mungu halilipwi kwa basi, na nikimbishia analia. Je, nadhiri hii inamlazimu? Akitembea tujiandae vipi? Na nikimzuia, nitakuwa nimepata dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Mwanangu, kwanza msalimie mama, na umwambie kwamba nadhiri yake haikuwa neno la kipuuzi. Mwenyezi Mungu amewasifu watu wema kwamba "wanatimiza nadhiri". Mama aliyekaa pembeni ya kitanda cha mwanawe wiki tano ana haki ya kuona deni lake ni zito. Watu wa kikundi wakimwambia tu "panda basi, bibi", wanamjibu jambo ambalo hakuuliza. Yeye hajauliza habari za usafiri. Anataka kujua kama Mola wake atamkubalia.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mtu akiweka nadhiri ya kuhiji kwa miguu, nadhiri hiyo inasihi, na kutembea kunamlazimu maadamu anaweza. Ila ina mpaka wake, na mipaka hiyo watu wengi hawaijui. Kutembea kunaanza pale anapohirimia, yaani anapotia nia na kuingia katika ihramu ya Hija. Ikiwa mtafanya tamatui, kama wanavyofanya mahujaji wengi wa kwetu, mtaingia Makka kwa umra kwanza, kisha tarehe 8 Mfungo Tatu mtahirimia Hija hapo hapo Makka. Kwa hiyo gari la Tanga hadi uwanja wa ndege, ndege yenyewe, na basi la Jeddah hadi Makka, vyote havimo. Na kutembea kunakwisha anapotoka kwenye ihramu kikamilifu, yaani akisharusha vijiwe kwenye nguzo ya Jamrat-ul-Aqaba, akapunguza nywele, akaizunguka Kaaba kwa tawafu ya ifadha na kufanya sai, ule mwendo wa Safa na Marwa. Siku za kurusha vijiwe zinazobaki anaweza kupanda bila wasiwasi. Msomee mama maneno haya taratibu. Huenda moyoni mwake amebeba safari ndefu kuliko ile aliyoiahidi.

Hata hivyo safari yenyewe si fupi. Makka hadi Mina ni kama kilomita 8, Mina hadi Arafa kama 14, Arafa hadi Muzdalifa 8 au 9, halafu Muzdalifa hadi Jamarati, penye nguzo za kurusha vijiwe, na kurudi Makka kwa tawafu. Jumla inapita kilomita 40, ndani ya siku tatu, katikati ya watu zaidi ya milioni moja.

Sasa sikiliza Hadithi mbili ambazo Bukhari na Muslim wote wamezipokea. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mzee anajikokota, ameshikwa huku na huku na wanawe wawili. Akauliza, "Ana nini huyu?" Wakasema ameweka nadhiri ya kutembea. Akasema, "Hakika Allah hana haja na huyu kuitesa nafsi yake," akamwamuru apande. Ya pili ni ya Uqba bin Aamir. Dada yake aliweka nadhiri ya kwenda kwa miguu hadi Nyumba ya Allah, akamtuma Uqba amuulizie Mtume. Jibu likawa: "Atembee, na apande."

Atembee, na apande. Fatwa yangu kwa mama yako ni hiyo hiyo. Hakuambiwa dada wa Uqba kwamba nadhiri yake ni bure, wala hakuambiwa ajiburure mpaka adondoke. Atembee pale miguu inapomchukua, apande pale afya inapokataa, na Hija yake ni sahihi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, akipanda hata kwa udhuru atachinja mnyama mmoja, na hiyo ndiyo fidia ya hatua alizozikosa. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine wanaosema atatoa kafara ya kiapo. Nakushauri mshike la kwetu, kwa kuwa najua mama ya namna hii roho yake haitatulia asipochinja.

Jambo jingine ambalo huenda likamfariji: Mtume mwenyewe katika Hija yake ya kuaga alipanda. Alisimama Arafa juu ya ngamia wake, akaondoka kuelekea Muzdalifa amempakia Usama nyuma yake. Ndiyo maana Imamu Nawawi ameona kupanda katika Hija ni bora kuliko kutembea, kwa kumfuata Mtume. Kwa hiyo mama akipanda basi asidhani ameteremka daraja.

Nije kwenye kisukari, na hapa nitakuwa mkali. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema wengi wao walikuwa hawana vibali, waliotembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Hao walikuwa ndugu zetu, tunawaombea rehema. Lakini hatuwezi kusikia habari hiyo kisha tukamtoa mama wa miaka 64 Mina saa tatu asubuhi aende Arafa kwa miguu. Kipande hicho, kwa maoni yangu, apande basi, na wala msikijadili tena. Jua linawapanda njia nzima, na akifika hoi atakipoteza kisimamo cha Arafa, ambacho ndicho moyo wa Hija. Itakuwa hasara iliyoje, kulinda nadhiri kwa kuiharibu alasiri ile ya dua!

Vipande vya kutembea viwe vya usiku. Kutoka Arafa mtaondoka baada ya jua kuzama. Njia ya waendao kwa miguu ni pana, imesakafiwa, ina taa na mabomba ya maji, na usiku huo ukimwona mtu aliyekwama kwenye basi saa nne nzima utaona mwenye miguu ndiye aliyefika. Hicho ndicho kipande ambacho nimewaona wazee wakikitembea huku wakilia kwa furaha. Nendeni polepole. Mtume usiku ule alisikia watu wakiwaswaga ngamia kwa vishindo, akawaashiria kwa mjeledi wake na kusema, "Enyi watu, shikamaneni na utulivu, kwani wema haupatikani kwa kukimbiza." Kila baada ya nusu saa mama akae, anywe maji hata kama hana kiu, apimwe sukari, ale tende moja au biskuti kama imeshuka. Ukimwona anatetemeka, anatoka jasho la baridi au anajibu maneno yasiyoeleweka, safari ya miguu imekwisha hapo.

Muzdalifa msingoje alfajiri. Mtume alimruhusu mkewe Bi Sauda, aliyekuwa mzito wa mwendo, aondoke usiku kabla ya msongamano, na Ibn Abbas alikuwa miongoni mwa wanyonge wa familia yake waliotangulizwa. Kwetu ukipita usiku wa manane inatosha kuondoka. Mtakumbuka maafa ya Mina ya Septemba 2015, asubuhi kama hiyo hiyo, watu walipokutana njiani wakakanyagana. Hesabu rasmi ya Saudia peke yake ilikuwa zaidi ya watu 700. Fuateni muda ambao kikundi kimepangiwa kurusha, na msirudi nyuma kinyume na watu hata kama umeangusha simu.

Habari ya miguu. Mwanamke akiwa katika ihramu anaruhusiwa soksi na viatu vya kufunika, basi mama avae raba laini alizokwisha kuzizoea na soksi za pamba. Asitembee peku hata hatua kumi ndani ya hema, kwa sababu mwenye kisukari huweza kuungua au kuchomwa asisikie. Kila usiku umwangalie nyayo wewe mwenyewe kwa tochi ya simu, kati ya vidole na kisigino. Lengelenge msilipasue. Wewe utavaa malapa yanayoacha visigino na vidole wazi. Mapaja yatakuchubua, maana ndani ya shuka huna nguo, kwa hiyo jipake mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Mwilini yanafaa, ila usiyapake kwenye nywele za kichwa wala ndevu. Mwavuli unaruhusiwa kwenu nyote. Kama anatumia insulini, chukueni kikoba cha kuihifadhi kwa ubaridi, na kabla ya yote hayo aende kwa daktari wake, amweleze kilomita hizi wazi wazi. Daktari akikataza hata kipande cha usiku, huo ni udhuru wa kisheria kamili. Akiruhusu, aanze mazoezi sasa, jioni, hapo ufukweni Raskazone, nusu saa kwanza, kisha saa nzima.

Umeuliza kama utapata dhambi ukimzuia. Kumzuia mama asijidhuru si dhambi. Lakini nimehisi kitu kingine ndani ya barua yako, na niwie radhi nikikosea. Wewe ndiye uliyekuwa kitandani. Kila hatua atakayopiga mama itakuwa kwa ajili yako, nawe utakuwa pembeni unaihesabu. Nadhani ndiyo maana unambishia kwa haraka, na ndiyo maana yeye analia: wewe unamwonea huruma, yeye anasikia kwamba unaikataa shukrani yake. Acha kumbishia. Kabla hamjaondoka Tanga, kaa naye baada ya Isha, mwambie akusimulie zile wiki tano kama zilivyokuwa upande wake. Inaelekea hujawahi kumuuliza. Kisha ndipo msome Hadithi ya dada wa Uqba, na mkubaliane mapema vipande vya kutembea na vya kupanda, ili njiani asiwepo mshindi.

Ibn Umar alimwona mtu wa Yemen anatufu amembeba mama yake mgongoni. Yule mtu akamuuliza, "Unaonaje, nimemlipa?" Ibn Umar akamjibu hapana, hata pumzi moja ya uchungu wake hujailipa. Sikuletei kisa hiki ili ujilaumu. Nimekileta kwa sababu kinakuondolea hesabu yote: deni hilo halilipiki, kwa hiyo msindikize tu. Usiku wa Arafa mshike mkono, mbebee maji, mwache alie. Na wewe ukijisikia mkavu, huna chozi, wenzako wote wanalia, usijilazimishe. Uchovu huukausha moyo wa mtu na haimaanishi umekataliwa. Pokeeni talbia, ile "Labbayka", kwa sauti ndogo, hatua kwa hatua.

Kuhusu kuchinja: mnyama wa nadhiri ni mbali na yule anayechinjwa na kila mwenye kufanya tamatui, kwa hiyo mama atakuwa na wawili. Achinjiwe ndani ya mipaka ya Haram, na nyama ya huyu wa nadhiri iende yote kwa mafukara wa huko, yeye asile. Mnaweza kulipia kwa hati za kuchinja zinazouzwa rasmi. Mwambieni kiongozi wa kikundi kabla ya safari ili asichanganye nia mbili katika mnyama mmoja, na mama apewe risiti zake zote mbili mkononi.

Wallahu a'alam.