Kwa vijana wangu wapya wa kuezua mabati ya asbestosi

Jana nimemkuta mmoja wenu anafagia. Anafagia! Sakafu kavu, ufagio mkononi, barakoa imening'inia kidevuni kama ndevu za beberu. Nilipiga kelele hadi dereva wa lori akashuka. Basi kaeni kivulini tuzungumze, maana naona ile semina imewaachia vyeti tu.

1. Vumbi la asbestosi halifagiliwi. Lowesha, pangusa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa chenyewe kiende na taka. Maji ni ya kunyunyiza, yenye sabuni kidogo. Si kumwaga kwa mpira wa maji kana kwamba unaosha matatu.

2. Bolti ikishika kutu, kata bolti, usivunje bati. Mabati yateremshwe mkono kwa mkono. Wala usiyakanyage: yamepigwa jua tangu enzi za Mzee Jomo, utajikuta sebuleni bila kupitia mlangoni.

3. Nyoa ndevu. Barakoa ya P3, ile ya kuzuia vumbi laini kabisa, haishiki juu ya nywele. Na sigara acheni, kwani asbestosi na sigara zikikutana kifuani, hatari ya saratani ya mapafu huzidi maradufu.

4. Kila bati lifungwe nailoni nzito mara mbili, liandikwe, lipande lori lenye leseni ya NEMA, wale wa mazingira, likazikwe panaporuhusiwa. Nimesema kila bati. Idadi ya paani ilingane na ya shimoni. Hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Tulikuwa tunaezua kota za zamani. Mama jirani aliyekuwa akituuzia chai na mandazi akaniomba mabati manne ya banda la kuku. Mazima, hayana hata ufa. Marufuku ya asbestosi ya 2006 niliijua, na kwamba bati likitoka paani halirudi paa lingine nilifundishwa. Lakini mama alikuwa ametukopesha chai wiki nzima. Nikajiambia, kuku anaishi siku ngapi hata augue? Nikambebea mwenyewe begani.

Wiki iliyofuata nikapita kulipa deni. Banda limesimama, limependeza. Mabati yalikuwa marefu, mwanawe ameyapunguza kwa msumeno. Pale chini ya mkato, wajukuu wawili wanacheza kupikapika. Wamezoa unga mweupe kwenye kifuniko cha kopo la Kimbo, mkubwa anapepeta, mdogo anapuliza makapi.

Tulirudi jioni, ovaroli nyeupe, nyuso tumeziba. Tukalowesha, tukachukua mabati, vipande, mpaka udongo wa juu. Kuku wakabaki nje. Mama alisimama mlangoni akitutazama, kisha akaniuliza, "Baba, siku ile unaniletea, mbona ulivaa shati la mikono mifupi?"

Sikuwa na jibu. Ugonjwa wa vumbi hili huweza kujificha miaka 20, 30, hata 40. Yule mdogo alikuwa na miaka minne. Sasa yuko sekondari, na mimi bado nanunua chai pale. Akikohoa tu, nageuka.