Maswali na Majibu: Rayburn Imejaa, Maji Tope, na Ni Januari

Mvua zikishanyesha mfululizo Texas Mashariki katikati ya baridi, maswali yanayotufikia hufanana: ziwa la Sam Rayburn limepanda, maji yamekuwa kama chai ya maziwa, je, samaki aitwaye besi bado anavulika? Anavulika, ila si kwa mazoea ya Aprili. Tunayemzungumzia ni besi mdomo mkubwa, yuleyule aliyepelekwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, ndiyo maana swali moja limetoka huko.

Wakuu, habari za kazi. Sam Rayburn imepanda futi nne na vichaka vyote vya ufukweni vimezama. Niko Lufkin, nina boti ndogo. Ziwa ni kubwa mno, nianzie wapi?

Anza na kipimajoto, ramani baadaye. Tope halimzuii besi kula. Kinachomfunga mdomo ni maji kupoa ghafla, na mvua moja inaweza kuleta tope la heri au tope la shari.

Kiwango cha kawaida cha Rayburn ni futi 164.4 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wewe uko kwenye 168 na ushei. Mvua ikija na upepo wa kaskazini, maji yanayoingia kutoka vijitoni yanaweza kuwa nyuzi 44 za Farenhaiti (karibu 7 za Selsiasi) wakati ziwa lenyewe liko 52 (11). Hapo sehemu ya juu ya kila hori, yaani mkono wa ziwa unaoingia nchi kavu, inakufa kwa siku kadhaa. Shuka upande wa bwawa, au tafuta hori lisiloingiwa na kijito chochote. Mvua ikitoka Ghuba ya Meksiko na vuguvugu lake, mambo yanageuka: maji yanayoingia yana joto kuliko ziwa, na samaki wanapanda kuyafuata mpaka pale kijito kinapomwaga. Pima katikati ya hori, kisha pima mdomoni mwa kijito. Tofauti ya nyuzi mbili tu inatosha kukuambia uende wapi.

Sasa hivyo vichaka. Aprili, samaki wanapotaga, ungevifuata hata mita mia mbili ndani ya msitu uliozama. Januari usihangaike. Besi aliyepoa hasafiri mbali, anapanda wima tu. Tafuta mahali ambapo mkondo wa zamani wa mto Angelina, au wa kijito chake, unagusa ukingo: pale kipima kina kinaporuka kutoka futi 3 hadi 15 ndani ya urefu wa boti yako. Hapo samaki hupanda na maji bila kutoka nyumbani kwake, na kichaka cha kwanza anachokikuta ndicho anachojibanza. Kimoja chenye shina nene, kilicho peke yake, kina thamani kuliko uwanda mzima wa vijiti.

Ukingo wa kaskazini wa hori ndio wa kupewa kipaumbele, kwa sababu umekingwa na upepo wa kaskazini na unapigwa na jua la kusini mchana kutwa. Maji ya kahawia hunyonya joto la jua karibu na uso kuliko maji meupe. Kwa hiyo lala kidogo asubuhi. Saa saba mchana hadi saa kumi ndizo saa zako.

Mwisho, ujue kama maji yanapanda au yanashuka. Jeshi la Wahandisi la Marekani, linaloendesha bwawa hilo, hutoa kiwango cha kila siku. Yakipanda, samaki wako ndani ya kichaka. Yakitulia siku mbili, ndiyo neema yenyewe. Wakishafungua milango ya bwawa na maji kuanza kushuka, samaki hutoka hadi kichaka cha mwisho upande wa kina, na wakati mwingine hutoka usiku mmoja.

Mimi ni mgeni wa uvuvi, naishi Houston. Tope kiasi gani ndilo tope mno?

Funga chambo cheupe, kizamishe polepole kando ya fimbo, na utazame kinapopotea. Kikionekana hadi inchi 12, vua kama kawaida. Kikipotea kati ya inchi 6 na 12, bado ni maji mazuri, ila punguza mwendo na utumie rangi za giza. Kikipotea ndani ya inchi 3, hama.

Angalia pia kinachoelea. Povu, majani makavu na vijiti vinavyozunguka maana yake tope ni la jana na bado linakuja. Tope la wiki nzima, lililoanza kutua, huwa na rangi ileile lakini uso wake ni safi, na samaki wake wameshazoea. Ukiona mstari wazi ambapo maji ya kahawia yanakutana na ya kijani, usiupite. Besi hukaa upande wa tope akivizia vidagaa walio upande wa mwanga.

Shikamooni. Nina sanduku limejaa vyambo vya rangi zote za duka. Nitumie kipi, na nikifunge vipi? — Nacogdoches

Marahaba. Vingi vibaki sandukuni. Kwenye maji haya besi haoni mbali, anasikia mtikisiko kwa mstari wa ubavuni. Kazi yako ni mbili tu: kitu kinachosukuma maji, na kitu kinachoangukia puani mwake.

Cha kwanza ni spinabeti ya nusu aunsi, ule waya uliokunjwa kama herufi V wenye ndoano na sketi upande mmoja na kibati kinachozunguka upande wa pili. Toa kile kibati chembamba kama jani, weka kimoja cha mviringo kama kijiko, namba 5 au 6. Chembamba kinametameta, na mng'aro hauna faida kwenye tope. Cha mviringo kinagonga maji kila kinapozunguka, na mdundo huo utausikia kwenye kiganja. Kivute polepole kiasi kwamba ukipunguza kidogo tu kibati kinasimama. Ukiacha kuusikia mdundo, ama umepunguza mno, ama jani limekwama, ama samaki amekibeba kuja kwako.

Cha pili ni jigi, yaani ndoano yenye kichwa kizito cha madini na sketi, ya aunsi 3/8 hadi 1/2, nyeusi na buluu, yenye kengele ndogo ya kugongana na mkia wa plastiki wenye umbo la kamba wa maji baridi. Kwa nini nyeusi? Kwenye maji yasiyopitisha mwanga, kinachoonekana ni kivuli, na cheusi ndicho chenye kivuli kikali zaidi. Wengi hununua rangi ya njano kali na kuisahau nyeusi. Njano inafaa kwenye spinabeti, jua likiwepo.

Vichaka vikiwa vizito, jigi itanasa. Hapo tumia mtindo wa Texas:

1. Pitisha mshipi kwenye chubwi ya tangsteni yenye umbo la risasi, aunsi 3/8, ncha nyembamba ikielekea fimbo.
2. Zuia chubwi kwa kigingi cha mpira kilichosogezwa karibu na ndoano. Bila kigingi, chubwi inaanguka upande huu wa tawi na chambo kinabaki upande wa pili.
3. Funga ndoano ya saizi 4/0 yenye shingo iliyopinda. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana mshipi mkavu huungua kwa msuguano na kukatika siku ya samaki mkubwa.
4. Choma ncha ya ndoano katikati ya kichwa cha chambo, ingia robo inchi, toka ubavuni, vuta hadi shingo ya ndoano ijifiche kichwani.
5. Geuza ndoano, pima inapoangukia mwilini, kisha ipenyeze moja kwa moja hadi itokee mgongoni, na ufiche ncha kidogo chini ya ngozi ya plastiki.

Chambo kikining'inia lazima kinyooke kama rula. Kikijikunja, umetobolea mahali pasipo, na majini kitazunguka na kuusokota mshipi wote. Kitoe, rudia.

Mshipi uwe wa florokaboni wa ratili 17 hadi 20, au wa kusuka wa ratili 50 ndani ya vichaka. Tope lina faida yake: samaki hauoni, hivyo huna haja ya mshipi mwembamba.

Nimedondosha jigi kila shina siku nzima, sijasikia hata mguso. Nakosea wapi?

Huenda ulipigwa mara nne na hukujua. Kwenye nyuzi 48 besi hashtui, anafungua mdomo na chambo kinaingia pamoja na maji. Dalili yake ni uzito, kama umenasa kitambaa kilicholowa, au mshipi unaoacha kushuka kabla ya jigi kufika chini. Uangalie pale unapoingia majini. Kama kina ni futi 5 na mshipi umesimama baada ya 2, kaza na uvute, usisubiri ushahidi zaidi.

Kosa la pili ni haraka. Shina moja lipewe midondosho mitano au sita, pande zote, kuanzia upande wa jua. Jigi ikifika chini iache, uhesabu hadi kumi, itikise mahali pamoja, iache tena. Samaki wa tope hatoki futi tatu kufuata chambo. Inchi sita ndiyo heshima yake. Na boti ikae mbali urefu wa fimbo na nusu, mota ya umeme ikizungushwa kidogokidogo. Propela ikikoroga chini umeshapiga hodi.

Nanunua boti yangu ya kwanza. Mke wangu anasema baridi hii na mafuriko ni kujitafutia kifo. Ana haki?

Ana haki ya kutosha kusikilizwa. Maji yakipanda huyaokota magogo yaliyokauka ufukweni mwaka mzima, na mengine huelea wima, inchi moja tu juu ya uso. Rayburn ina visiki vingi tangu bwawa lilipojengwa miaka ya 1960, na maji ya juu huvificha vile ulivyovizoea kwa macho. Ndani ya mahori, mwendo wa mtu anayetembea.

Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Ukianguka kwenye maji ya baridi, dakika ya kwanza pumzi inakukimbia bila ridhaa yako. Zinafuata dakika kama kumi za mikono kufanya kazi, na baada ya hapo huwezi hata kushika ngazi. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mwilini: tangu Aprili 2021 ni sheria ya shirikisho kwa boti nyingi zilizo chini ya futi 26. Beba nguo kavu ndani ya mfuko usiopenya maji. Usiguse gati lililozama likiwa na nyaya za umeme. Na ukiona kitu kama zulia jekundu la kahawia linaelea kando ya kichaka, kaa mbali: ni sisimizi wa moto, mafuriko yakiwatoa shimoni hushikana maelfu kwa maelfu na kuelea mpaka wapate pa kupandia. Boti yako ni pa kupandia.

Niko Naivasha. Huku hakuna baridi ya Texas, lakini maji yamepanda hadi mitaa kama Kihoto imeingiwa, na ziwa ni tope. Mbinu hizi zinafaa?

Nusu yake. Maji yako hayapoi hivyo hata Julai, kwa hiyo samaki wako ana nguvu: vuta spinabeti haraka kidogo, na usikae shina moja robo saa. Hayo ya joto la mchana yasikuhusu sana. Tope lako pia lina chanzo kingine. Mbali na mto Malewa kuleta udongo, kuna kapu, samaki anayechimbua chini akitafuta chakula na kuyatibua maji hata pasipo mvua. Hapo kusubiri tope litue ni kusubiri bure, heri uende penye migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, uvue shina kwa shina.

Jigi ile ya umbo la kamba usiibadilishe. Kamba wekundu wa Louisiana walipandikizwa Naivasha mwaka 1970, na besi wa huko huwala kama wenzao wa Texas. Ila sisi hatuna kiboko. Ukingo wa mafunjo ambao hujauchunguza kwa mbali usiusogelee, hasa jioni.

Nikimpata, analiwa? Wa mwisho alinuka udongo mpaka watoto wakasusa.

Harufu hiyo ni jiosmini, inayotengenezwa na vijidudu vya majini na kukaa kwenye mafuta ya samaki. Toa ngozi, kata ule ukanda wa nyama nyeusi ubavuni na mafuta ya tumboni, kisha loweka minofu kwenye ndimu na chumvi nusu saa. Asidi huivunja. Suuza, paka tangawizi na kitunguu saumu, kaanga.

Zebaki ni habari nyingine. Idara ya afya ya Texas imewahi kutoa tahadhari ya zebaki kwa besi wa maziwa kadhaa ya Texas Mashariki, yakiwemo Caddo na Toledo Bend, na masharti makali zaidi ni ya wajawazito na watoto. Zebaki iko ndani ya nyama yenyewe, haitoki kwa ndimu wala kwa kisu, na samaki mkubwa anayo zaidi. Soma tahadhari ya ziwa lako kabla ya kuwasha jiko. Rayburn unaruhusiwa besi watano kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 14. Mle wa 15, mwachie wa ratili nane arudi kichakani.