Kamuamkie mkweo wewe kwanza

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia. Tangu uchaguzi, yeye na baba mkwe wake hawaamkiani. Mzee ni CCM, yeye ACT, na mke yuko katikati analia. Anauliza atazungumza naye vipi na kila akifungua mdomo anaambiwa ni adui.

Sisi tuliyaona haya Pemba baada ya uchaguzi wa 1995. Mtu haingii duka la mwenziwe, hapandi gari yake, hawazikani. Baba yangu alipofariki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akicheza naye bao kila alasiri, hakuja kushika jeneza. Alikaa barazani kwake akatutazama tukipita. Nimemsamehe, lakini mpaka leo nikilitaja kifua kinabana.

Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, na Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, wakakutana Ikulu. Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, na asilimia 66 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wakubwa wakapatana. Mitaani kwetu nani angeanza?

Nilianza mimi. Asubuhi ya Sikukuu nikaenda kwa yule jirani: "Shikamoo, ami." Akaitikia kwa shida. Siasa sikuitaja. Msimu wa karafuu mvua ikanyemelea, nikamsaidia kuanua. Nikawa napita tu, mpaka siku moja tuko wawili nikamuuliza: ami, wewe uchaguzi wa 1961 ulikuwa wapi?

Kumbe utotoni alikuwa Unguja kwa shangazi yake. Katika fujo za uchaguzi ile Juni waliuawa watu 68, na kaka yake alirudi na jeraha la panga. Alizungumza mpaka adhana ya magharibi. Mimi nikawa namrudishia maneno yake, nimekuelewa hivi, ami? Mpaka akasema, "Hivyo hivyo." Hapo ndipo nikamwambia la jeneza. Akanijibu kwamba siku ile aliwaogopa wenziwe wa chama, si sisi.

Kadi hatukubadilishana. Lakini baraza yetu leo inakaa watu wa vyama vyote, na nasema kwa fahari kwamba mlango ule niliufungua mimi.

Basi mwanangu, muamkie kwanza, hata asipoitika. Mtume (S.A.W.) katukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wao ni anayeanza salamu. Umri wako si hoja. Wewe ndiye mkwe, wewe ndiye wa kwenda. Usijadiliane naye mbele ya wanawe, maana hapo atajibu kwa ajili yao. Muulize aliyoyaona kwa macho yake, uyaache ya chama chake. Akikutukana, nyamaza, aga, kesho rudi umuamkie tena. Na salamu usimtume mkeo.

Nenda Ijumaa baada ya sala, peke yako, na simu uiache nyumbani.