Springi fupi ngumu kwa Altezza ya Tabora

Kaka, umeuliza kama springi fupi ngumu, zile za kushusha gari, zitaifaa Toyota Altezza yako kwa mizunguko ya kila siku hapa Tabora, na kama trafiki watakusumbua. Kwenye lami ya kwenda Nzega utafurahia, gari halilali kwenye kona. Ukikata tu kuingia mitaa ya vumbi kule Isevya, tairi zitaanza kurukaruka, na tairi iliyo hewani haisaidii kufunga breki wala kukata kona. Matuta nayo yatakula bampa. Kufunga springi peke yake ukabakiza shokapu za zamani, ambazo ndizo hutuliza mdundo wa springi, ndiyo kosa kubwa: gari litadunda kama mpira.

Kwa trafiki, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari liwe salama. Tairi ikikwaruza bodi, umejitafutia. Mimi ningenunua shokapu mpya za kawaida.