Jibu: Shindano linataka 1920 kwa 1080, picha yangu ni 6000 kwa 4000, nifanyeje?

Mkuu, hilo kosa tumelifanya wengi. Umesema masharti ya shindano la picha yanataka picha isiyozidi pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 1920 upana na 1080 kimo, JPEG, rangi za sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini), faili isizidi MB 2. Umeingia GIMP, ile programu ya kuhariri picha, ukabadilisha 300 dpi kuwa 72, ukahifadhi, na faili bado zito vilevile.

Hiyo dpi achana nayo. Ni agizo la printa tu, kwamba kila inchi ya karatasi ichukue nukta ngapi. Kwa 300 picha yako ingechapwa inchi 20 kwa upana, kwa 72 ingefika inchi 83, lakini pikseli ni zilezile milioni 24. Projekta itakayoonyesha picha ukutani siku ya shindano haijui inchi.

Kinachokuhusu ni hayo 1920 kwa 1080, na usiyasome kama saizi ambayo lazima picha iwe nayo. Yasome kama boksi. Picha inaingia ndani bila kuvutwa, na upande unaogusa ukuta wa boksi kwanza ndio unaoamua. Kamera yako inatoa uwiano wa 3 kwa 2, boksi ni 16 kwa 9, yaani pana zaidi, kwa hiyo kimo ndicho kitakachogusa kwanza. Kwenye menyu ya Image fungua Scale Image, andika 1080 kwenye kimo, upana utajiweka wenyewe 1620. Ukianza na upana 1920, kimo kinaruka hadi 1280 na umeshavunja sharti.

Kile kialama cha mnyororo pembeni ya namba, kinachofunga upana na kimo vibadilike pamoja, usikiguse. Mimi nilikigusa. Nilikuwa na picha ya wima, mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, 4000 kwa 6000. Nikaona masharti yamesema 1920 kwa 1080, nikafungua mnyororo, nikaandika namba zote mbili kama zilivyo, nikatuma bila hata kuitazama vizuri. Siku ya kuonyesha, ule mlango ukatokea ukutani umetanuka kama geti la gereji. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, ingawa moyoni nilikuwa natafuta pa kujificha.

Picha ile ilitakiwa iwe 720 kwa 1080. Na hapa pana jambo ambalo masharti hayakuambii: picha ya wima kwenye boksi la namna hii inaonewa. Ya mlalo yenye 1620 kwa 1080 inachukua asilimia 84 ya skrini. Ya wima inachukua chini ya asilimia 38, pembeni kote giza. Jaji amekaa safu ya tatu, anaona kitu kisichofika hata nusu ya ukubwa wa picha iliyotangulia. Siku hizi nikipeleka ya wima nachagua yenye kitu kimoja kikubwa, uso au mnara, wala si soko lenye watu arobaini. Mashindano yenye boksi la 1600 kwa 1200 au 1400 kwa 1050 yana huruma zaidi kwa picha za wima, maana boksi lake si pana hivyo.

Wengine watakwambia tuma picha nzima, kompyuta ya ukumbini itaipunguza yenyewe. Kama masharti yanaruhusu, kweli itaipunguza, lakini kwa haraka na kwa njia yake. Niliwahi kutuma hivyo picha ya mafundi wa majahazi Bagamoyo. Kamba za tanga zikawa na ngazi ngazi, na paa la makuti likatoa mawimbi ya ajabu ambayo hayamo kwenye picha. Afadhali upunguze mwenyewe uone kilichotokea.

Picha hiyohiyo ilikuwa na ugonjwa wa pili. Kanga nyekundu ya mama aliyesimama kando ilionekana kama imeanikwa juani wiki nzima. Kamera yangu ilikuwa imewekwa Adobe RGB. Namba za rangi za mfumo huo zimekusudiwa eneo pana la rangi, na programu isiyosoma lebo ya faili, ile inayotaja mfumo wa rangi, inazichukua kama sRGB, basi kila kitu kinafifia. Kwenye GIMP nenda Image, halafu Color Management, chagua Convert to Color Profile, uchague sRGB. Iliyoandikwa Assign iache, hiyo inabandika lebo mpya tu bila kubadilisha namba.

Baada ya kupunguza, kuza mwonekano hadi asilimia 100 uitazame tena. Utaona imelegea kidogo, na ni kawaida, maana karibu pikseli 14 za mwanzo zimegeuka moja. Sasa ndipo unaponoa, yaani kuzipa kingo ukali. Ukinoa kabla ya kupunguza, kazi yako nyingi inapotea. Mimi natumia Unsharp Mask, kichujio cha kunoa cha GIMP, radius karibu 0.6, amount 0.5, na bado naangalia pale mlingoti unapokutana na anga. Ukiona mstari mweupe unaufuata mlingoti, umezidisha. Ukutani mstari huo unakuwa mnene kama kamba ya nguo.

Halafu Export As, ubora anza 95, weka tiki ya kuonyesha mfano ili uone uzito wa faili kabla ya kuhifadhi. Kwa pikseli hizi MB 2 hazikusumbui sana, isipokuwa picha za majani na makuti, ambazo huwa nashusha hadi 88 hivi. Toa faili jipya kwa jina jipya. Usiandike juu ya faili la kamera, utalitaka siku ukiombwa chapa kubwa. Na kama umeikata picha sana imebaki 1200 kwa 800, iache hivyo. Kuikuza hakuongezi kitu, kunaonyesha tu kwamba uliikata.

Kwenye kutuma, usimpe mratibu kwa WhatsApp kama picha, inabanwa upya na saizi uliyohangaikia inaweza kubadilika. Kama hakuna njia nyingine, itume kama dokumenti.

Jina la faili nalo lina visa vyake. Niliwahi kupakia "Ng'ombe wa jioni" mara tano, fomu inakataa tu, nikalaumu mtandao, nikanunua na bando. Kumbe tatizo lilikuwa ile ritifaa. Nikaandika ngombe_wa_jioni, ikapita mara moja. Walimu wa Kiswahili watanisamehe.