Mtoto si begi: maswali yenu ya safari za Desemba

Ikifika Novemba, maswali ya wachumba na mikopo yanapungua, yanaanza ya tiketi. Kila mtu anapeleka wajukuu kwa bibi na babu. Vizuri. Wanangu niliwapeleka kwa ndege wakiwa wadogo, na siku hizi ni mimi ninayesimama pale wanapotokea abiria, nanyoosha shingo kuwatafuta wajukuu. Pande zote mbili nazijua. Nimechagua maswali machache. Yale ya "ndege gani ina vitafunio vizuri" nimeyaacha.

Shangazi, mwanangu anatimiza miaka miwili tarehe 2 Januari. Tunatoka Dar kwenda Bukoba tarehe 19 Desemba na kurudi tarehe 6 Januari. Nitamlipia kiti? (Mama Junior, Tabata)

Swali hili nalijibu kila mwaka, na kila mwaka linarudi likiwa limebadilisha tarehe tu. Umri unahesabiwa siku ya kila safari, hauhesabiwi siku uliyokata tiketi. Kwenda, Junior ana mwaka mmoja: anakaa mapajani na unamlipia sehemu ndogo ya nauli yako. Kurudi ana miaka 2: anataka kiti chake mwenyewe. Mkatie sasa hivi. Ukisubiri, utakuja kukitafuta kaunta kule Bukoba wakati nusu ya Dar inarudi kazini, na ndege zinazotua pale ni hizi za pangaboi, viti 70 na kitu. Bei utakayotajiwa usinipigie kunisimulia.

Cheti cha kuzaliwa ubebe. Kiwe kinasomeka, isiwe picha ya simu yenye kidole gumba juu ya tarehe. Nimewahi kupanga foleni nyuma ya mama anayeapa mtoto wake ana mwaka mmoja na miezi minane, huku mtoto mwenyewe, meno yote kinywani, anamwelezea dada wa kaunta gari la shule lilivyo la njano.

Nimeshauriwa nimpe mtoto Piriton kabla ya kupanda ili alale. Ana mwaka na nusu. Nimpe kiasi gani? (Mama wa mmoja, Mwanza)

Usimpe.

Ningeishia hapo, ila najua jirani na muuza duka la dawa wameshakwambia "kidogo tu haina neno". Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, na kwa watoto wadogo haitabiriki. Yuko atakayelala, na yuko atakayegeuka akawa kama amepigwa shoti, na hapo mko juu ya Singida, hakuna kituo cha kushukia. Wengine mnapanda daraja, mnatafuta sirapu ya Phenergan. Hiyo huko Marekani inabeba onyo kali kuliko yote yanayowekwa kwenye dawa: asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuzima pumzi, na wapo watoto waliokufa.

Na kumbuka mko wapi. Hewa ya ndani ya ndege haina mgandamizo wa Mwanza. Ni kama mmepanda mlima wa mita 2,000 na zaidi. Mtu mzima hasikii tofauti. Sasa mtoto wa kilo 11 umemlegeza kwa dawa, umemlaza kifuani, umemfunika kitenge mpaka usoni ili mwanga usimsumbue, na wewe mwenyewe umesinzia.

Nikuulize, kinachokutisha ni kilio cha mtoto au jicho la mzee wa kiti cha mbele? Mzee naye alilia ndani ya basi miaka hiyo. Mwanza na Dar ni saa moja na nusu; kikao cha kikoba kinachukua zaidi. Kata ndege inayoangukia saa ya usingizi wake. Mwache akimbie ukumbini mpaka waite abiria. Halafu uwe na kitu kidogo ambacho hajawahi kukiona. Mwanangu wa pili alimaliza safari nzima kwa vibanio vitano vya nguo: anavibana kwenye pindo la kanga yangu, anavibandua, anahesabu kwa lugha yake, anavibana tena. Alipoangusha kimoja, yule mzee wa mbele ndiye aliyeinama kukiokota.

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kusafiri peke yake akiwa na mhudumu wa ndege, bibi yake akampokea Kilimanjaro?

Hapana. Mashirika mengi huanzia miaka 5, nawe wa kwako ana mitatu.

Masikio yake yalimuuma sana safari iliyopita, alilia mpaka akatapika. Nilimnyonyesha kama ulivyosema lakini haikusaidia. (Mama Nasra, Tanga)

Nilisema umnyonyeshe wakati wa kushuka. Wewe, naona kwenye maelezo yako marefu, ulimnyonyesha ndege ikiwa bado imesimama, akashiba, akalala. Ndege ilipoanza kuteremka, hakuwa na nafasi wala hamu ya kumeza chochote.

Mrija unaounganisha koo na sikio kwa mtoto ni mwembamba na umelala zaidi kuliko wetu, kwa hiyo unaziba upesi. Ukimeza, unafunguka. Wakati wa kupaa mara nyingi mambo hujirekebisha yenyewe. Tabu iko kwenye kushuka, na kushuka huanza mapema, mara nyingi dakika 25 au 30 kabla ya kutua. Rubani akitangaza tu, mwamshe. Ndiyo, mwamshe, hata kama umemlaza kwa jasho. Aliyelala humeza mara chache.

Na usimpe vyote kwa mkupuo. Desemba moja nilikuwa na mjukuu wangu, ziwa limeshajaa dirishani, nikawa namnywesha uji kwa kifuniko cha chupa ya chai: funda moja, tunatazama mitumbwi, funda moja. Uji ukaisha uwanja bado uko mbali. Akashika sikio, mdomo ukaanza kupinda. Nikachana kipande cha ndizi nikamwambia amsaidie babu kutafuna, babu mwenyewe yuko chini anatusubiri. Akatafuna kwa hasira mpaka magurudumu yakagusa.

Akiwa na mafua makali au sikio linatoa maji, mpeleke kwanza kwa daktari. Tiketi inabadilishwa.

Uji na maziwa vinapita kwenye ukaguzi?

Vinapita. Kanuni ya mililita 100, ile inayozuia kubeba chombo cha kimiminika kinachozidi hapo kwenye begi la mkononi, tangu ilipoanza 2006, imewaachia watoto chakula na maziwa yao ya njiani. Vitoe kwenye begi mwenyewe, useme ni vya mtoto, na uwe tayari vikaguliwe. Ukivificha chini ya pampasi utaulizwa kwa nini umevificha, na ni haki yao kuuliza.

Shangazi, tunatoka Leicester na watoto wawili, miaka mitatu na mwaka mmoja, kuwaona wazazi wangu Muleba. Mke wangu anataka tuwape dawa za kuzuia malaria. Mimi nimekulia huko na nilikuwa sinywi dawa yoyote. Nani yuko sahihi?

Mkeo. Na wewe, baba, hata mwenyewe unazihitaji.

Ulipokuwa mtoto Muleba uliumwa na mbu kila mwaka, ukaugua, ukapona, mwili ukajifunza. Huwakumbuki wenzako ambao hawakupona kwa sababu wamezikwa wakiwa na umri wa mwanao. Kinga ile haina urithi, na hata kwako inapungua ukikaa miaka nje. Wanao wamezaliwa Leicester; kwa mbu wa Kagera ni wageni kama Mzungu yeyote. Hospitali za Ulaya zinawajua vizuri watu wa aina yako: wengi wanaorudi na malaria ni waliokwenda kwao kusalimia, waliodhani nyumbani hakuna kitu cha kuwadhuru.

Nendeni kliniki ya wasafiri wiki kadhaa kabla, maana dawa za watoto hupimwa kwa kilo na nyingine huanza kabla ya safari. Njooni na neti zenu, msitegemee ile ya chumba cha wageni iliyotobolewa na panya. Na mkisharudi, mtoto akipata homa, hata ni baada ya mwezi au miwili, mwambieni daktari neno la kwanza: tulikuwa Tanzania, mpime malaria. Msimwache aandike mafua.

Hukuuliza, lakini angalia mnapitia wapi. Ukikaa uwanja wa Addis Ababa au Nairobi zaidi ya saa 12, Tanzania inataka cheti cha homa ya manjano kwa kila mwenye mwaka 1 na kuendelea, na chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Watu hutafuta tiketi ya bei chee, wanapata yenye kulala Addis, wakifika Dar wanashangaa kuulizwa kadi ya njano ya mtoto. Na mifuko ya plastiki ya dukani mnayofungia pampasi chafu iacheni huko. Hapa imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

La mwisho kwako. Bibi atatoa karanga, na Desemba huenda kuna senene. Mpigie simu kabla: karanga nzima si za mtoto wa miaka mitatu, sembuse wa mmoja. Aziponde, aweke kwenye uji. Mwambie wewe, mwanawe. Ukimtuma mkeo aseme, utakuwa umemnunulia kesi ya kudumu.

Kigari cha mtoto nikibebe?

Cha kazi gani? Unakikabidhi mlangoni pa ndege, unakisubiri juani, halafu barabara ya kwa bibi ni mawe. Beba mbeleko.

Shangazi, mwaka jana tulikwenda Unguja kwa mama yangu. Mtoto, mwaka na nusu wakati ule, alimkataa bibi yake kabisa. Mama alinuna mpaka tunaondoka. Safari hii tuna siku tano. Nifanye nini asimkatae tena? (Baba wa mmoja, Muscat)

Ongeza siku. Nimeshalisema hili mpaka nimechosha watu, lakini tazama hesabu yako. Saa tano na ushei angani. Siku ya kwanza imeliwa na uchovu. Ya pili mtoto anamchungulia bibi kutoka nyuma ya goti lako. Ya tatu anapokea tonge. Ya nne wanaelewana. Ya tano unafunga mabegi. Mnatumia mamilioni kununua siku moja ya mapenzi, na hata hiyo mnaitumia kwenda Forodhani kupiga picha.

Mtoto wa umri ule kukataa sura ngeni ni dalili njema, akili yake inajua nani wake na nani si wake. Kosa tunalifanya sisi wakubwa pale uwanjani. Mtoto ametoka kwenye baridi ya ndege, anakutana na joto, kelele na harufu ya udi, halafu watu wanane wanamnyang'anya kutoka kifuani kwa mama yake. Mimi mwenyewe nililifanya. Nilimkwapua mjukuu, akapiga ukelele mpaka askari wa mlangoni akageuka, na nikakasirika na mkwe wangu kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Aliyenifunza ni mume wangu. Yeye hakumgusa. Alifika nyumbani akakaa barazani, mgongo nusu amempa, akachukua chungwa na kisu, akaanza kulimenya polepole bila kukata ganda. Ganda likashuka kama utepe mpaka sakafuni. Mtoto akasogea, hatua mbili, akasimama. Babu hakumtazama. Akasogea tena, akalishika lile ganda. Likakatika. Babu akachukua chungwa la pili. Kufika la nne mtoto alikuwa amekaa katikati ya magoti yake, na mimi niko jikoni nimenuna.

Kwa hiyo mpigie mama yako kabla, umwambie waziwazi: mama, anaweza kukukataa siku moja, usimfuate, atakuja. Kuanzia leo wapigie simu ya video mara kwa mara, na mama avae kanga ileile kila mara. Siku ya kuwapokea avae hiyohiyo. Awe na wimbo mmoja wa simuni, na pale uwanjani auimbe kabla ya kunyoosha mikono. Mkifika nyumbani, mama mtu asikimbilie kulala akamwacha mtoto na wageni. Akae palepale, bibi amjie mtoto akiwa bado mapajani mwake.

Na Kiswahili mmempa? Sikuulizi kwa ubaya. Ila bibi anayelazimika kuzungumza na mjukuu kwa mkalimani atanuna tu, hata akipewa mwezi mzima.

Kama mtoto ana pasipoti ya kigeni, ulizia mapema habari ya ile bima ya kuingia Zanzibar iliyoanza 1 Oktoba 2024. Mtu mzima ni dola 44, na inalipiwa kabla ya kufika.

Shangazi, samahani nimechelewa kuandika. Binti yangu anatimiza miaka miwili Krismasi, tukiwa huko huko Moshi. Tiketi yake ya kurudi inakuwaje? (Mama wa Kinondoni)

Rudi juu, kwa Mama Junior.